Bi Matone na Fomu Iliyouliza Viungo

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Bi Matone anakabidhi funguo za dirisha namba mbili la dawa baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Ofisi ya utumishi ilituomba wasifu wa ukurasa mmoja, uwe wa kuchangamsha, na usiguse mambo ya ndani ya kazi. Ukurasa mmoja umetushinda. Kuchangamsha tutajitahidi. Hilo la tatu tusamehewe bure, kwa sababu ukiyatoa mambo ya ndani ya kazi katika maisha ya Bi Matone unabaki na miwani na mkoba.

Anayeandika haya amekaa naye dirisha moja miaka kumi na mitatu, kiti kwa kiti, feni moja, na hasira zake nyingi amezisikia zikiwa bado za moto. Nyingine nimeambukizwa. Kwa hiyo msomaji akikuta mahali sauti imepanda, asidhani ni kosa la mpiga chapa.

Alikuja hapa na cheti cha utoaji dawa na viatu vya kuazima kwa dada yake. Siku hizo vidonge vilihesabiwa kwa kijiko bapa juu ya sahani na kufungwa kwenye karatasi, na maelekezo yaliandikwa kwa mkono. Alianzia stoo, akahamia wodi ya upasuaji, akapelekwa dirisha namba moja, na mwaka wake wa tisa akatua dirisha namba mbili, linalotazamana na mlango wa kliniki ya macho. Hapo ndipo jina alilopewa na wazazi wake lilipostaafu, mapema kuliko yeye.

Jina la Bi Matone alilipata kwa haki. Aligundua kwamba wagonjwa wengi hawajui kujitia dawa ya macho. Mtu anapinda shingo, anafumba jicho, anakamua, tone linaangukia shavuni, naye anaondoka akiamini ametibiwa. Basi akaweka sheria yake: hakuna kuondoka dirishani na chupa ya matone mpaka ujaribu mbele yake kwa chupa ya maji safi, tone moja, ndani ya jicho, si kwenye kola. Foleni ilinung'unika. Wapo waliosema hili si dirisha la dawa, ni shule ya chekechea. Siku moja mganga mkuu wa wakati huo, jicho jekundu na haraka zake, alinyoosha mkono apokee chupa apite. Bi Matone alimwambia kwa upole kwamba jicho halijui cheo, akae ajaribu. Alikosa mara mbili, la tatu likaingia, na foleni nzima ikampigia makofi. Tangu siku hiyo manung'uniko yalikwisha.

Na friji je? Kila mfanyakazi mpya wa idara yetu hukutana kwanza na tangazo alilobandika kwenye friji ya dawa: "Chakula kitakachokutwa humu kitapelekwa maabara pamoja na mwenyewe." Humo ndimo zinamokaa sindano zinazoharibika kwa joto, na umeme ukikatika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka barabara kutafuta barafu, na viatu mkononi ili akimbie vizuri. Katika miaka yote hiyo haijaharibika hata sindano moja. Ndoo ya aiskrimu ya mhasibu iliharibika, lakini hiyo alijitakia mwenyewe.

Haya, kicheko kimetosha. Sasa tuseme lililotukalia kooni.

Kuna ugonjwa ambao sisi wa dirishani tunauita uvimbe wa ndani ya jicho. Si lile jicho jekundu la vumbi wala la kukosa usingizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kumlinda mtu, inageuka na kulishambulia jicho lake mwenyewe kutoka ndani. Jicho linauma, mwanga unachoma, ukungu unatanda. Linatulia, halafu linarudi, na kila likirudi linaondoka na sehemu ya uwezo wa kuona. Wanaougua si wazee peke yao. Wengi ni watu walio katikati ya kazi na malezi, wanaohitaji macho yao kuanzia alfajiri mpaka usiku.

Dirisha namba mbili ndipo mahali pekee hospitalini ambapo karatasi za kliniki ya macho, iliyo chini, na za kliniki ya viungo, yaani maungio kama magoti na viwiko, iliyo ghorofani, hukutana. Madaktari wenyewe walikuwa hawakutani, labda msibani. Na Bi Matone, mwenye kipaji cha kusoma mwandiko wa daktari yeyote, aliona jambo ambalo hakuna aliyemtuma alione. Mgonjwa wa uvimbe wa ndani aliyepitia mlango wa chini alitoka na matone ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe kwa haraka. Yakishindwa, vidonge vya steroidi. Vikishindwa, vidonge zaidi. Mgonjwa wa uvimbe uleule aliyebahatika kuumwa na magoti pia alipanda ghorofani, akatoka na vidonge vya kutuliza kinga, vile vya mara moja kwa wiki, au ile sindano ya kila wiki mbili iliyolala kwenye friji yetu. Ugonjwa mmoja, hospitali moja, na katikati yake ngazi kumi na nane.

Hakuwalaumu madaktari sana, na sisi hatuna sababu ya kumzidi. Daktari wa macho ana darubini ya kuonea ndani ya jicho, lakini sindano ile haruhusiwi kuiandika, na vile vidonge vya wiki anaviogopa, maana vinataka damu ipimwe mara kwa mara ili ini lisidhurike, naye hakusomea ini. Daktari wa viungo anaruhusiwa kuandika, ila darubini hana, kwa hiyo hawezi kujua kama jicho limetulia au linaungua. Kila mmoja anatibu kwa alichozoea na alichoruhusiwa. Mgonjwa naye ana macho mawili tu, hana ya akiba.

Halafu kuna bei. Chupa ya matone ni rahisi kuliko soda. Sindano moja inapita mshahara wa mwezi mzima wa mtoa dawa. Ndiyo maana ipo Kamati ya Dawa Maalumu ya kuamua nani apewe, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema fedha za hospitali zitumike ovyo. Lakini steroidi za muda mrefu zina bili zake: mtoto wa jicho, presha ya jicho, sukari kupanda, mifupa kulainika. Bili hizo zinalipwa na idara nyingine, na nyingine zinalipwa na mgonjwa mwenyewe kwa mwili wake, kwa hiyo kwenye meza ya kamati hazionekani. Rahisi ghali, wahenga walishasema, tena bila kukaa kikao. Bi Matone akifika hapa kwenye mazungumzo alikuwa anavua miwani, na akivua miwani sote tulijua tusogeze vikombe.

Ili upate sindano ile ilibidi ujaziwe fomu ya njano, kurasa nne. Swali la kwanza: viungo vingapi vimevimba? Chini ya sita, fomu inarudishwa. Fomu yenyewe iliandikwa zamani, dawa ikiwa bado inajulikana kwa viungo tu, na hakuna aliyefikiria macho. Sawa, hilo ni kosa la kibinadamu. Lakini ilichapishwa upya mwaka baada ya mwaka, rangi ileile, swali lilelile, wakati kila mtu kuanzia mlinzi wa getini alishajua kwamba dawa hiyo inaokoa macho. Mtu anapofuka, anaulizwa magoti! Mnisamehe, lakini hata ningekuwa na mwaka mzima wa kutafuta jina la upole la jambo hilo nisingelipata.

Wagonjwa nao si wajinga. Pale kwenye benchi la kliniki ya macho pakaanza kupita elimu ya chini kwa chini. Ukiitwa mbele ya kamati, chechemea. Shika kiuno. Mjumbe akikupa mkono, kunja uso. Watu wenye miguu mizima kabisa wakawa wanaingia mle chumbani wakijikokota, na wanatoka na dawa. Sisi tulijua. Nadhani hata kamati ilijua. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, na anayeona aibu kuusoma hapa awafikirie walioona aibu kuutenda.

Miaka saba iliyopita akaja fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mshonaji wa sare za shule. Macho yote mawili yalikuwa na uvimbe. Alipewa steroidi, akapoa, ukarudi, akapewa tena, mara nne. Uso ukamvimba mpaka wateja wakawa wanampongeza kwa ujauzito. Fomu ikajazwa kwa ukweli: viungo vilivyovimba, sifuri. Ikarudi imeandikwa "Hana vigezo." Ikapelekwa mara ya pili, mara ya tatu, jibu likawa hilohilo. Wakati huo jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kuona ukungu, na uzi anautunga kwenye tundu la sindano kwa kupapasa.

Hapa inabidi tuandike jambo ambalo Bi Matone mwenyewe alitutaka tuliandike, la sivyo, alisema, wasifu huu usisomwe. Mtu huyu ambaye hajawahi kumruka mtu kwenye foleni alimwita fundi pembeni, akamwambia safari ijayo achechemee. Fundi alikataa. Alisema miguu yake ndiyo inayoendesha cherehani, akiisingizia ugonjwa Mungu atamsikia. Bi Matone alimsihi. Alimwambia ndugu yangu, jicho halisubiri. Fundi akakubali.

Masikini, uongo hakuuzoea. Aliingia kwenye chumba cha kamati akichechemea mguu wa kulia, akatoka akichechemea wa kushoto. Mjumbe mmoja alicheka. Mwingine hakucheka, akavuta muhuri. Faili la fundi likagongwa "UDANGANYIFU", na akazuiwa kuomba tena kwa miezi sita. Ndani ya miezi hiyo sita jicho lake la kushoto lilizimika. Hatutatafuta maneno ya kulainisha. Lilizimika huku dawa yake iko kwenye friji yetu, hatua nne kutoka kwenye benchi alilokuwa anakalia.

Mpaka leo nauliza, na sijajibiwa: mdanganyifu hapo ni nani? Ni mwanamke aliyesahau mguu, au ni karatasi iliyosema jicho haliugui mpaka goti litoe ushahidi?

Siku ya nne baada ya jicho kuzimika, Bi Matone alikwenda nyumbani kwa fundi kumwomba radhi. Fundi alimkaribisha, akampa kiti, akamwambia kwamba msamaha ameshampa, ila yeye haja yake si msamaha, haja yake ni jicho la kulia. Bi Matone alirudi kazini akiwa amepewa kazi, na tangu siku hiyo hakuiweka chini.

Kwanza aliandika barua kwa kamati, kwa mkono wake, akisema kwamba aliyefundisha kuchechemea ni yeye, aadhibiwe yeye, muhuri ufutwe, na fomu iulize macho. Nakala akaibandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya zamu na tangazo la godoro linalouzwa. Akapata barua ya onyo, na kupandishwa daraja kukasimama miaka miwili. Muhuri ukafutwa. Alisema biashara hiyo ameifanya kwa faida.

Pili akawakutanisha madaktari, kwa ujanja ambao sasa anastaafu tunaweza kuutoboa. Siku moja aliwarudishia karatasi zao wote wawili, wa macho na wa viungo, akidai mwandiko hausomeki, na kwamba kila mmoja aje mwenyewe saa saba kamili kufafanua. Yeye, anayesoma mwandiko uliolowa mvua! Wakaja, kila mmoja amekunja uso, wakakutana dirishani. Ilibidi awatambulishe. Walikuwa wamefanya kazi jengo moja miaka tisa. Aliweka mbele yao faili la fundi, akafunga dirisha kwa nusu saa, akawaacha watazamane. Kutokana na nusu saa hiyo ndipo tulipopata kliniki ya pamoja ya kila Alhamisi, mmoja na darubini, mwingine na kalamu, mgonjwa katikati yao.

Tatu, fomu. Kwenye swali la kwanza, kwa ridhaa ya madaktari wote wawili, fundi alijaziwa maneno haya: "Viungo sifuri. Macho mawili, moja limeshakufa likiwasubiri." Ilirudishwa kwa utovu wa adabu. Ikapelekwa tena, maneno yaleyale. Mara ya tatu kamati ilichoka kabla Bi Matone hajachoka, sindano ikatoka, na ndani ya miezi mitatu jicho la kulia la fundi likatulia. Mwaka uliofuata fomu ikaongezwa swali la macho. Tangu hapo watu arobaini na mmoja wamepata dawa inayowafaa bila kuigiza ugonjwa wasio nao. Hayo ndiyo mafanikio yake, na hakuna tuzo iliyotolewa kwa ajili yake.

Ingekuwa hospitali ya kwenye matangazo, tungeishia hapa tukate keki. Lakini ruhusa ya sindano hukaguliwa kila mwaka, na wiki tatu zilizopita fundi alipokea barua ya kamati. Inasema kwamba jicho lake limetulia kwa miaka minne mfululizo, kwa hiyo dawa haihitajiki tena, na mgonjwa arudishwe kwenye matone ili kupunguza gharama. Jamani! Limetulia kwa sababu ya dawa. Kwa hesabu hiyo nyumba isiyovuja iezuliwe paa. Daktari wa macho ameandika kupinga, wa viungo ameandika kupinga, na wote wamejibiwa kwamba maoni yao yamepokelewa. Hilo ndilo jicho pekee alilobaki nalo mama huyu, na sindano ya mwisho aliyonayo ataichoma Jumapili.

Rufaa yake inasikilizwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Kanuni zinasema mfanyakazi wa hospitali haruhusiwi kumsemea mgonjwa mbele ya kamati, kwa kuwa ni mgongano wa maslahi. Mgonjwa anaruhusiwa kuingia na ndugu mmoja tu.

Wengi wenu mnajua kwamba Bi Matone alikuwa ameahidiwa mkataba wa mwaka mmoja zaidi, kwa mshahara uleule, kwa sababu dirisha halina mtu wa kulishika vizuri. Mwezi uliopita alikuwa ameukubali. Wiki tatu zilizopita aliurudisha bila kuusaini, akaomba astaafu tarehe yake ileile, leo, si siku moja baadaye. Tulinong'ona sana. Wengine tulisema amechoka, wengine tukasema ameudhika na feni. Mimi nilimuuliza usoni, akaniambia nihesabu vidonge niache umbea. Juzi fundi alipokuja dirishani na fomu yake ya rufaa niipige nakala, ndipo nilipoelewa. Jina la ndugu atakayeingia naye lilikuwa jina ambalo sijalisikia miaka mingi, lile alilopewa Bi Matone na wazazi wake. Na kwenye nafasi ya uhusiano, fundi alikuwa ameandika: mtu wangu.

Mgeni wetu rasmi wa leo, tunayemshukuru kwa kupata nafasi, ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Dawa Maalumu. Mchana huu atampa Bi Matone cheti, saa ya ukutani na mkono wa pongezi, na tunaamini atautoa kwa moyo. Programu hii ya sherehe, yenye wasifu huu, anayo mkononi. Ana siku mbili za kuisoma taratibu.

Bi Matone, umetufundisha kutia tone ndani ya jicho na si pembeni yake, na umetufundisha kukubali kosa mbele ya watu na kulirekebisha kwa miaka. Asante kwa barafu, kwa ukali, kwa ule mwandiko usiosomeka. Wenzako wa dirisha namba moja na namba mbili, wa stoo na wa kliniki zote mbili, tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu kiasi, na usingizi mrefu wa asubuhi usiokatizwa na mtu yeyote, kuanzia Jumanne.